Kilima cha Sponji na Ufunguo wa Chumba cha Mbele

"Bibi, kama si milima yangu, wangekuja kuhamisha nini? Wangehamisha mkeka?"

Ndivyo Hoza alivyomwambia bibi yake, Bi Nyamvula, asubuhi na mapema, kikombe cha chai bado kiko njiani kwenda mdomoni. Hajamjibu, mkwewe Kidawa huyu hapa mlangoni: "Mama, usimsikilize huyo. Mlima unaliwa?" Hajamjibu Kidawa, mjukuu mwingine, Mbaruku, kachomoza dirishani: "Bibi, milima haisemi na pilau halisemi. Aliyesema nani?"

Watatu, na wote wanataka kitu kimoja, na kitu chenyewe kimefungwa kwenye pindo la khanga ya Bi Nyamvula: ufunguo wa chumba cha mbele.

Haya, kaeni vizuri. Wewe sogeza mguu, unanikanyagia mchele. Nianze mwanzo.

Hapo zamani. Na zamani yenyewe si ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi juzi, simu zipo na umeme unakatika kama kawaida yake. Hapo zamani, huko Muheza kwenye michungwa, Bi Nyamvula alikuwa na wanawe wawili wa kiume, Singano mkubwa na Mhina mdogo. Wamenyonya ziwa moja, wametiwa jando siku moja, wamejenga uwanja mmoja, nyumba zao zinatazamana na ya mama iko katikati. Na miaka saba hawasemezani.

Sababu? Njia. Njia ya kwendea kisimani, nyembamba, hata mbuzi wawili hawapishani. Mhina alipanda minyaa akaiziba, akasema njia imepita kwake. Singano akasema njia ilikuwepo kabla Mhina hajaota meno. Kisha kumkomoa mwenzake, naye Singano akaziba kwa minyaa upande wake, ule wa kwendea msikitini. Basi Singano akitaka maji anazunguka mpaka mashine ya kusaga, anarudi na ndoo nusu. Mhina akitaka kuswali anazunguka mpaka mashine ya kusaga, anafika imamu ameshatoa salamu. Wakipishana hapo mashineni, huyu anaangalia mbinguni, huyu anaangalia pumba.

Wakiwa na neno la lazima, wanamtuma kuku.

"Ewe kuku, mwambie mwenye minyaa mbuzi wake amekula kunde zangu."

"Ewe kuku, mwambie mwenye kunde azifunge kamba kunde zake."

Kuku wa Bi Nyamvula, yule wa madoa, alikuwa anajua mambo ya ukoo ule kuliko kadhi.

Bi Nyamvula akachoka. Idi moja, masinia mawili yako chini, huku Singano na wake, huku Mhina na wake, mama katikati hajui anawe wapi. Akasimama na mwiko mkononi, mbele za watu, akaapa. "Atakayewakalisha wanangu hawa kwenye sinia moja, wakala, wakashiba, ufunguo wa chumba cha mbele ni wake. Wallahi!"

Chumba cha mbele si cha kuchezea. Kinatazama barabara, kina dirisha la kuuzia. Hoza, mtoto wa Mhina, ni fundi friji, anafanyia kazi chini ya turubai lililotoboka, mvua ikija anajikinga na mlango wa friji ya mteja. Kidawa, mke wa Singano, anauza bajia juani, mpaka mafuta yanachemka kabla hajawasha moto. Na Mbaruku, mtoto wa dada yao Singano na Mhina, alirudi kutoka Arusha na begi moja, anajibanza ukumbini kwa bibi, na alichorudi nacho ni mchezo.

Mchezo gani? Hapo sasa. Watu wazima, wana ndevu, wanakaa mezani. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya. "Wewe ni shujaa. Umefika pangoni. Ndani giza. Unafanya nini?" Na mtu mwenye miaka thelathini na nne anafikiri kweli kweli, anakuna kichwa, anasema, "Naingia." Kisha wanarusha dadu. Dadu yenyewe ina nyuso ishirini, ingekuwa mtu ungesema mnafiki. Ikianguka vibaya, mtu ameliwa.

Siku moja Bi Nyamvula akamkuta Mbaruku kainama, chai hanywi.

"Una nini, mume wangu?"

"Nimeliwa na joka, Bibi."

"Liko wapi?"

"Halipo, Bibi."

"Haya, kula muhogo."

Lakini mchezo ule unataka nchi ya kuchezea. Mbaruku akamwendea Hoza. Hoza ana zile sponji nyeupe ngumu zinazokuja na friji kwenye maboksi. Akazikata vipande vya mraba, kila kimoja sawa na kiganja, na juu ya kila kipande akachonga kitu. Hiki kilima. Hiki kisima. Hiki michungwa mitatu. Hiki nyumba ya bati, na kibaraza chake. Akavipaka rangi. Ubavuni akapachika sumaku alizozichuna kwenye milango ya friji zilizokufa, kwa hiyo kipande na kipande vinang'atana, tak! Ukitaka kilima kiwe huku, unakibandua, unakiweka huku, tak! Ukitaka kisima kiende kule, tak! Vipande arobaini. Nchi nzima unaibeba kwenye beseni.

Na kosa lake ndilo hili, wengine wanaita akili: hakuchonga nchi ya mashujaa. Hajawahi kuiona, angechongaje? Alichonga anapopajua. Alichonga uwanja wao, nyumba tatu, kisima na njia yake. Akavipanga kwenye meza ya ukumbini kwa bibi yake, vikauke.

Kesho yake Singano akaja kumwamkia mama. Shikamoo mdomoni, macho mezani. "Hee! Kisima wamekiweka kwa Mhina!" Akaangalia huku, akaangalia huku. Akakibandua. Tak! Akaenda zake anapiga mluzi.

Jioni Mhina naye kaja kumjulia mama hali, mama ambaye mwezi mzima hakumjulia. "Hee! Kisima kimekwenda kwa Singano!" Tak, kikarudi. Na kilima akakisogeza mbele ya nyumba ya Singano, asione jua.

Asubuhi Singano, tak. Jioni Mhina, tak. Asubuhi huyu, jioni huyu. Wiki mbili. Bi Nyamvula akiamka anauliza, "Leo kilima kimelala wapi?" kama anauliza mvua. Lakini shikamoo alizozipata wiki mbili zile hakuzipata tangu awazae.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, wale wawili wakagongana mezani. Mkono wa huyu juu ya kilima, mkono wa huyu juu ya kilima. Haachii huyu, haachii huyu. Kusema hawawezi, kuku yuko nje anataga.

Mbaruku akaruka pale alipokuwa. "Wajomba! Kuhamisha ruhusa, lakini kwa zamu, na kwa dadu. Kaeni."

Wakakaa. Hakuna aliyekaa kwa kupenda. Kila mmoja alikaa ili mwenzake asibaki peke yake na kilima.

Singano akamwambia mpwa wake, "Mimi na mtu huyo hatusemezani, unajua."

"Nani kasema wewe, Mjomba? Wewe hapa ni Shujaa wa Shoka, ukifika kisimani umeshinda. Na huyo si Mjomba Mhina, huyo ni Jitu la Kisimani."

"Jitu?" Mhina akauliza, na uso ukamtakata. "Kubwa kiasi gani?"

"Na hiyo dadu si kamari?" Singano bado ana wasiwasi.

"Kamari ina pesa, Mjomba. Hapa mnagombea sponji."

Basi wakasemezana. Yaani wao hawakusemezana, walisemezana Shujaa na Jitu.

"Ewe Jitu, umewanyima watu maji, huna haya!"

"Ewe Shujaa, una kelele tangu utotoni!"

"Utotoni lini, wewe Jitu?"

"Siku uliyomwambia mama mimi ndiye niliyevunja mtungi! Nikachapwa mimi!"

Bi Nyamvula huku pembeni akashika shavu. Mtungi ule una miaka arobaini.

Sasa tuje jikoni. Kidawa alikuwa amekuja kumpikia mkwewe pilau la Ijumaa. Gesi imeisha, mkaa umelowa, unawaka kwa kusuasua, wali haujaiva, unamtazama hivi. Akachungulia ukumbini, akaona Shujaa amebakiza vipande vitatu afike kisimani. Akifika, mchezo umekwisha, na hawa anawajua, kila mtu na kandambili zake. Kidawa akajaza kahawa ya chupa vikombe viwili, akapita nayo mezani, karibu, hapa, karibu, na pindo la khanga likafagia. Alipoondoka, kipande cha njia hakipo. Katika vipande arobaini, njia ni kimoja tu. Kakiingiza jikoni, kakifunika na bakuli la kachumbari.

"Njia iko wapi?" Hoza, aliyesimama mlangoni kulinda sponji zake, akaitafuta chini ya meza, chini ya mkeka, mpaka mbuzi akapanuliwa mdomo.

"Ameiba Jitu!" Singano akasimama.

"Jitu haliibi kilicho chake!" Mhina akasimama.

Huyu mguu kwenye kandambili, huyu mguu kwenye kandambili. Bi Nyamvula moyo ukamshuka mpaka kwenye kiti. Akajua hapa sasa ndiyo basi, hata shikamoo za kilima hazitakuja tena.

Mbaruku hakupandisha sauti. "Njia haipo. Shujaa umefika kwenye minyaa. Jua kali, ndoo tupu. Unafanya nini?"

"Nazunguka," alisema Singano. Kwa mazoea.

"Huwezi kuzunguka. Vipande vimekwisha. Nje ya meza hakuna nchi."

Singano akatazama meza, akatazama ukingo wake. Kweli, hakuna nchi. Akatoa mguu kwenye kandambili, akakaa.

"Namwomba Jitu anipishe."

"Mwombe mwenyewe."

Singano akageuka, akamtazama Mhina usoni.

"Jitu... nipishe."

Mhina alikuwa ameshika dadu. Ilikuwa zamu yake kuirusha, ijulikane kama Jitu litakubali. Akaizungusha kiganjani, akaiweka mezani taratibu, hakuirusha.

"Pita," akasema. "Pita, kaka. Hata mimi nimechoka kuzunguka."

Kaka! Shujaa na Jitu wana undugu gani? Watu wote walisikia. Hapo ndipo Kidawa akaingia na sinia, pilau limeiva, moshi unapaa. "Pisheni, pisheni!" Akalitua palepale mezani, juu ya kilima. Kilima kikasema kwache! Hakuna aliyekililia. Singano akanawa, Mhina akanawa, mikono ikaingia sinia moja. Singano akasukuma finyango la nyama upande wa mdogo wake. Mhina akalirudisha. Singano akalisukuma tena. Bi Nyamvula hakula, alikuwa anaangalia nyama inavyokwenda na kurudi, machozi yanamdondoka kwenye kachumbari.

Jumamosi Mhina akachukua panga, akakata minyaa. Kwake yeye na kwa kaka yake pia.

Sasa nani wa ufunguo?

Hoza anasema: "Bibi, miaka saba masheikh walikuja, wazee walikuja, hakukaa mtu. Walikalishwa na kilima changu. Na kilima chenyewe kimevunjikia hapo, kimekufa shahidi."

Mbaruku anasema: "Bibi, kukaa si kupatana. Walikaa wanang'ang'aniana. Mimi nikawapa midomo ya kusemea. Na walipotaka kuondoka, nani aliwaambia nje ya meza hakuna nchi?"

Kidawa anasema: "Mama, wewe uliapa mchezo au uliapa sinia? Sinia nani kalipika? Na ningeiacha njia pale, Shujaa angepita, asingeomba mtu. Wangekwenda zao, wali mbichi, na mimi ningelaumiwa."

"Mwizi wewe!" Hoza anamwambia.

"Mwizi, lakini baba yako alishiba."

Na msidhani wale wakubwa wamenyamaza. Wamekuja wote wawili, bega kwa bega, siku hizi hawaachani: "Mama, waliopatana ni nani? Si sisi? Chumba ni chetu." Bi Nyamvula akawafukuza na mwiko.

Shida ni hii. Akimpa Hoza, upande wa Singano watasema Mhina ndiye mtoto kipenzi. Akimpa Kidawa, upande wa Mhina watasema amepewa mke wa mtu akaachwa mtu wa damu. Akimpa Mbaruku, wote wawili watasema chumba kimekwenda kwa mtoto wa binti, na wataungana, lakini kwa ubaya. Asipompa mtu, amevunja kiapo, na mwiko ule watu waliuona. Jana asubuhi kamsikia Hoza uwanjani: "Ewe kuku, mwambie mpika pilau anirudishie kipande changu cha njia." Na Kidawa: "Ewe kuku, mwambie fundi friji aje akichukue, kama anaijua njia." Na Mbaruku hasemi na yeyote, hata kuku.

Na minyaa, mnaijua. Ikikatwa haifi. Ile ya Mhina imeshaanza kutoa macho.

Ijumaa hii Bi Nyamvula anafungua pindo. Je, nani alistahili? Aliyechonga nchi wakaifuata, aliyewapa maneno wakasemezana, au aliyeiba njia mpaka wakaombana?

Mimi naona hivi... aa, sisemi, nikisema nitaonekana nina upande. Ukifika kwenu waulize na wenzio, na wao wawaulize wenzao, halafu niletee jibu kabla ya Ijumaa. Njoo wewe mwenyewe. Usimtume kuku.