Fisi na Sheria ya Shimo

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na mfalme wao, Fisi alipakana na Pimbi.

Pimbi alikuwa mdogo kama paka, lakini mtama wake ulistawi, na kila jioni baraza lake lilijaa wageni. Kwa Fisi hakuja mtu. Wivu ukamla Fisi mpaka akakonda.

Msimu mmoja mahindi ya Mfalme Simba yakaibwa. Fisi, aliyekuwa mshauri wake, akaona pa kupitia.

"Mtukufu, toa sheria kali. Atakayechukua hata punje isiyo yake atupwe shimoni, asitoke. Na Mbwamwitu walinzi wapewe nyama kwa kila wanayemkamata."

Simba akakubali.

Mwanzoni walikamatwa wezi. Wezi walipokwisha, walinzi bado walitaka nyama. Miaka ikapita, wakawa wanamkamata hata aliyeokota tini njiani, hata mama aliyechuma mchicha mpakani. Mwishowe wakamkuta Pimbi na suke lililodondokea upande wa Fisi. Puu, shimoni.

Fisi akafurahi. Lakini alipopita kando ya shimo akasikia vicheko. Wageni wote wa Pimbi walikuwa humo, wamemzunguka, wanasimuliana. Wivu ukamrudia.

"Jirani, mnacheka nini?"

"Shibe tu, bwana," Pimbi akajibu, akilamba midomo. "Mifupa ya huku ina mafuta mpaka yanachuruzika viwikoni. Ila ni ya wenye makosa. Wewe huruhusiwi."

"Kwa nini upate wewe, nikose mimi?"

"Kamuulize Mfalme. Mimi ni mfungwa tu."

Fisi hakungoja. Akaenda shambani kwa Simba, akavunja hindi mbele ya walinzi. Wakamsukuma shimoni. Alipopapasa akakuta maganda ya mihogo na tope.

"Mifupa iko wapi?"

"Haijawahi kuwapo," Pimbi akasema taratibu.

Fisi akalia mpaka Simba akaja.

"Mtukufu, nitoe. Mimi ni mshauri wako."

"Si wewe uliyesema asitoke mtu?"

"Basi ifute sheria hiyo."

Pimbi akapaza sauti. "Mfalme, wakulima wako wote tumo humu. Ukiifuta kwa mmoja, ifute kwa wote."

Simba akatazama mashamba yaliyogeuka pori, akaifuta. Wafungwa wakapanda juu, wakapokewa na watoto wao. Fisi akatoka wa mwisho, na hakuna aliyemngoja.

Sheria iliyozaliwa na wivu haichagui wa kumfunga.