Gurudumu Lililolia Gerejini kwa Shekue

Bi Kibibi alifiwa na mume, akaachiwa gari kuukuu lililompeleka kaburini kwa marehemu kila Ijumaa. Siku moja gurudumu la mbele likaanza kukwaruza kila akikata kona. Akalipeleka kwa Shekue, tajiri mwenye gereji.

“Pole, mama. Gari limekufa hili,” Shekue akasema. “Niachie nilichinje, nipate vipuri.”

“Adhana hiyo, baba. Nenda kasali kwanza.”

Shekue aliporudi, Bi Kibibi akasema, “Haya, nimekubali. Nipeleke nyumbani kwa gari lako nikachukue kadi ya gari langu.”

Wakapanda. Shekue akakata kona getini, mbele ya wateja wake. Krrr!

“Inna lillahi!” Bi Kibibi akapiga ukelele. “Na lako limekufa! Tuyachinje yote mawili?”

Wateja wakaangua kicheko.

“Limekufa wapi!” Shekue akafoka. “Kijiwe tu hicho, kimenasa kwenye diski ya breki. Kinatoka sasa hivi!”

“Kumbe! Basi nitolee na changu.”

Akakitoa, watu wote wakimkodolea macho.

Bi Kibibi akashika njia ya makaburini, gari kimya, akimwomba Mungu msamaha kwa kile kijiwe alichokichomeka kwenye gurudumu la Shekue, mwenyewe yuko msikitini.