Sarafu ya Bi Mwanahawa na Ndimu

Tanga nzima, mjuzi wa sarafu za zamani nilikuwa mimi, na aliyekuwa akisema hivyo nilikuwa mimi pia.

Siku moja Bi Mwanahawa aliniletea sarafu ya fedha ya ukumbusho, ndani ya kasha la plastiki lililofungwa na wapimaji wa sarafu na kuandikwa daraja la ubora wake. Kwa ukongwe ilikuwa imeingia rangi za buluu na zambarau kama shingo ya njiwa. Moyo ukanidunda.

“Mwanangu, niirudishe ipimwe upya?”

“Watakushushia daraja, bibi. Huo ni uchafu. Niuzie mimi, bei ya chuma chakavu.”

Akatoa ndimu kapuni. “Kama ni uchafu, navunja kasha niisugue kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua vikuku vya harusi.”

“Usithubutu!” niliruka kitini. “Rangi hiyo ndiyo thamani yake! Ikipimwa upya itapanda!”

“Basi niandikie hayo, mie msahaulifu.”

Niliandika, nikagonga na mhuri. Akakunja karatasi, akachukua sarafu yake.

“Na hiyo ndimu, bibi?”

“Hii ya samaki, mwanangu. Mwenye akili gani husugua sarafu ya ukumbusho?”