Siku Kamati Ilipokagua Ghala la Railesu

Mheshimiwa Evaristo Tilman hakatai, na hata ukimshika shati mbele ya wapigakura wake atakwambia vivyo hivyo: siku ile ya Railesu mpumbavu alikuwa yeye. Hakuwa dereva aliyepotea njia mara mbili, wala katibu aliyesahau mhuri mezani kule Dili, mji mkuu, wala chifu aliyesoma hotuba akataja jina la mgeni wa mwezi uliopita. Alikuwa yeye, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Bunge, mtu aliyesifika nchi nzima kwa jicho la mwewe.

Mambo yalianzia kwenye Mfuko wa Akiba. Nchi yetu ilijaliwa mafuta chini ya bahari, na kwa kuwa mafuta si chemchemi, fedha zake ziliwekwa kando kwa ajili ya siku ngumu. Serikali hairuhusiwi kuzigusa mpaka Bunge likubali. Mwezi wa Julai Bunge lilikubali. Mchele ukanunuliwa, ukapelekwa katika maghala ya milimani, likiwamo la kijiji cha Railesu, ili miezi ya njaa, ile inayotangulia mavuno ya mahindi, isimkute mtu na chungu kitupu. Sasa ilikuwa Desemba, mahindi yangali majani matupu, na serikali ilikuwa imerudi na bakuli lile lile, ikiomba kuchota tena. Kura ilikuwa ipigwe Jumatatu.

"Wanachota kama kisima cha mama yao," Evaristo aliwaambia wajumbe wake. "Mchele wa Julai umekwenda wapi? Kuna panya hapa, tena panya wa kuvaa viatu. Ijumaa tunapanda Railesu. Nikimkamata, Jumatatu nitamweka juu ya meza ya Spika, mkia na masikio."

Wajumbe wakapiga meza. Ilikuwa rahisi kumpenda Evaristo alipokuwa anamtafuta mtu mwingine.

Ijumaa alfajiri msafara ukaondoka. Ulikuwa wa magari tisa: wabunge saba, makatibu, waandishi wa habari, askari, na watu wanne ambao mpaka leo haijulikani walikuwa na kazi gani. Kwa jumla walikuwa watu arobaini na watatu. Evaristo hakuwa mtu wa kutulia kitini. Goti lake lilitikisika njia nzima kama linashona nguo. Alitazama saa, alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya mlima, kisha akatazama saa tena, kana kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa vimekula njama.

Walipofika mtoni, mahali ambapo magari hupita ndani ya maji kwa kuwa daraja halijajengwa, dereva wake, Zito, alipunguza mwendo.

"Mheshimiwa, mvua ikipiga huko juu, hapa hapapitiki tena. Ukikwama leo, utashinda huku mpaka Jumapili."

"Basi kanyaga. Saa moja inatosha kumkamata mwizi."

"Kumkamata inatosha," Zito alisema. "Sijui kuhusu hotuba."

Zito alijua anachosema. Railesu walikuwa wamejiandaa. Langoni palitundikwa bango jipya lenye jina la kamati kwa herufi nyekundu. Wanawake walicheza huku wakipiga vigoma vidogo walivyovibana kwapani, na wazee wakapokezana zamu kuwavika wageni shingoni vitambaa vya tais, vilivyofumwa kwa mkono, vyenye mistari myekundu na myeusi. Evaristo alivikwa viwili, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti. Shingo ikamwasha, lakini heshima haikunwi mbele za watu. Chifu Armindo, mzee mwembamba mwenye koti lililomzidi, akasoma hotuba. Baada yake akasoma mwalimu, na padri naye akaomba kwa kirefu, akimkumbusha Mungu mambo mengi ambayo Mungu alikuwa tayari anayajua.

Evaristo alitaka kuinuka. Goti lilikuwa linashona suruali ya pili sasa. "Mzee, tuone ghala kwanza," alimnong'oneza chifu.

Armindo alishtuka kama aliyeambiwa avue nguo. "Kabla ya kula, mheshimiwa? Watu watatuonaje?"

Ikabidi wale. Na kusema kweli, baada ya kuonja, hakuna aliyelazimishwa. Wali ulikuwa umerundikwa kwenye masinia kama vilima, nyama ya nguruwe inachuruzika mafuta, na pilipili ya kusaga inayomtoa mtu machozi ya furaha. Evaristo alikula sahani ya kwanza kwa adabu na ya pili kwa hamu. Ya tatu aliifuata mwenyewe kwa miguu yake. Ng'ambo ya uzio wa mianzi walisimama watoto wengi, wametulia, macho yao yakifuata kila kijiko kinavyopanda na kushuka. Evaristo akadhani wanamshangaa mbunge. Akawapungia mkono.

Hatimaye wakaenda ghalani. Mtunza ghala alikuwa mjane aitwaye Ermelinda Soares, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye ufunguo shingoni na ulimi ambao kijiji kizima kiliujua. Wakati wote wa karamu hakuonekana. Alikuwa ameketi mlangoni pa ghala peke yake, akimenya viazi vya mwituni, vile vinavyolazimu kuchemshwa na kumwagwa maji mara tatu ili visimdhuru mlaji.

"Karibu mheshimiwa," alisema bila kuinuka upesi. "Nilidhani leo mtaishia kwenye nyama kama wenzenu."

Akafungua. Joto la bati likawapiga usoni. Katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya magunia mia moja na sitini, yalikuwapo magunia manane, yamesimama pembeni yakiegemeana kama walevi.

Evaristo alivuta pumzi, na mwandishi mmoja wa habari, aliyemfahamu vizuri, akawasha kamera.

"Mia moja na sitini," alisema Evaristo. "Bunge limefungua Mfuko wa Akiba. Akiba ya watoto ambao hawajazaliwa. Na mimi ninaona manane. Nani amekula mchele huu?"

Chifu Armindo alitazama viatu vyake.

"Mama, ufunguo uko shingoni mwako. Nakuuliza wewe."

"Niulize polepole, mwanangu, mimi sikimbii," alisema Ermelinda. "Nikimbie niende wapi, nina wajukuu sita."

"Unajua kifungo cha mwizi wa mali ya umma ni miaka mingapi?"

"Sijui. Wewe uliyesoma niambie. Nikifungwa nitalishwa?"

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Evaristo akamkazia macho, kisha akaanza kuzunguka ndani ya ghala, akipiga kuta kwa kidole, akichungulia nyuma ya magunia kama mwizi angekuwa amejikunyata pale akisubiri kuulizwa jina. Kule pembeni akakuta rundo la vitu vilivyokunjwa vizuri, vimefunikwa turubai. Macho yakamwaka.

"Na hivi ni nini? Mali imefichwa hapa."

"Kunjua," alisema Ermelinda. "Ukitafuta lazima uone."

Evaristo akakunjua la kwanza. Lilikuwa bango: KARIBUNI UJUMBE WA UKAGUZI WA WIZARA. Akakunjua la pili: KARIBUNI WAKAGUZI WA WILAYA. La tatu lilikuwa la wafadhili, la nne la wataalamu wa lishe, na la tano la wizara tena, safari hii na katibu mkuu wake. Yalikuwa saba yote. La nane lilikuwa bado linapepea langoni.

"Sielewi," alisema Evaristo, ingawa sauti yake ilikuwa imeanza kuelewa.

Chifu Armindo akakohoa. "Mheshimiwa, barua zinapokuja husema tuandae mapokezi yanayostahili. Sisi mwezi kama huu hatuna kitu. Mahindi bado, kuku wamekwisha. Tuna mchele wa ghala tu. Magunia manne yanakwenda chunguni. Kumi na mawili tunayashusha bondeni, tunayabadilisha kwa nguruwe. Matatu ni ya wafumaji wa vitambaa vya shingoni."

"Kwa kila ujumbe?"

"Kwa kila ujumbe. Tulijaribu kumpunguzia yule wa lishe, tukaona haya."

"Kwa nini hamkukataa?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mgeni aondoke Railesu na njaa? Jina letu lingeshuka naye mpaka Dili. Wazee waliolala makaburini wangetuuliza."

Wajumbe wa kamati walianza kukagua mambo mengine: kucha zao, dari, mawingu ya nje. Mmoja alijifuta mafuta midomoni kwa siri. Evaristo peke yake hakukubali kutulia. Alihisi jasho likimtiririka chini ya vitambaa viwili, na kichwani aliiona Jumatatu, meza ya Spika, na yeye amesimama mikono mitupu, hana mkia wala masikio.

"Hao ni wengine," alisema. "Hao walikuja kustarehe. Mimi nimekuja kukagua."

"Wote walikuja kukagua," alisema Ermelinda. "Hakuna hata mmoja aliyetuambia amekuja kula."

"Mimi sikuomba chakula, mama."

"Ile sahani ya kwanza hukuomba. Ni kweli."

"Hesabu hii haiingii akilini. Magunia mia moja na hamsini na mawili hayawezi kuliwa na wakaguzi. Lazima yupo mwizi. Mtu mmoja, ana jina, na mimi nitampata."

Wakati huo tone la kwanza likagonga bati, likafuatwa na la pili, kisha mlima wote ukaonekana kushuka juu ya paa. Zito alikuja mbio, maji yakimtiririka usoni.

"Mheshimiwa, mto. Tukiondoka sasa hivi tunapita. Tukichelewa robo saa, tumeoa huku."

Wabunge wawili walikuwa tayari wanaelekea kwenye magari. Evaristo akainua mkono. Shingo ilikuwa imevimba kwa mwasho na kwa hasira, na mtu mwenye hasira huona kila mlango kuwa ukuta.

"Haondoki mtu. Tunalala hapa. Tutahoji nyumba kwa nyumba, hata zikipita siku tatu. Na Jumatatu nitaomba Bunge liunde tume maalumu, watu sitini, waje Railesu wakae mwezi mzima mpaka mwizi apatikane."

Chifu Armindo, ambaye ukarimu ulikuwa umemwingia mwilini kama homa ya vipindi, hakusubiri aambiwe mara mbili. Aligeuka akawapazia sauti wanawake waliokuwa wanaosha masufuria mvuani.

"Bandikeni maji tena. Wageni wanalala. Magunia manne ya usiku, na ya asubuhi tutaona."

Vijana wawili wakaingia ghalani, wakainama kushika gunia la kwanza. Ermelinda alikuwa amekwisha fika. Aliweka kisu cha viazi chini, akalikalia gunia lile kwa uzito wake wote, akanyoosha mikono kulia na kushoto kuyakinga yale saba mengine.

"Haitoki punje."

"Ermelinda, usitutie aibu," alisema chifu. "Ni wageni."

"Aibu nimeshaikalia, mzee, iko hapa chini yangu. Mahindi yatakomaa Machi. Nyumba ziko tisini. Haya manane ndiyo yote yaliyobaki kati yetu na viazi vya sumu. Nani atawafundisha watoto wote wa kijiji hiki kumwaga maji mara tatu? Mwaka juzi mjukuu wangu mmoja alikula kilichochemshwa mara mbili. Nilikuwa na wajukuu saba."

Nje mvua ilizidi. Vijana wakajiondoa, wasijue mikono yao waiweke wapi. Zito alisimama mlangoni akitazama saa ya bosi wake kwa mbali. Evaristo akasogea hatua moja, akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo bungeni huwatia watu baridi:

"Mama, nasema kwa mara ya mwisho. Unazuia kazi ya Bunge. Nipishe nimtafute anayewala."

Ermelinda hakumpisha. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda kwenye mkanda uliofunguliwa tundu mbili, akapanda mpaka kwenye vile vitambaa viwili vya mistari myekundu na myeusi.

"Mwanangu," alisema, "umepiga kuta, umechungulia nyuma ya magunia, umemtazama chifu, umenitazama mimi. Bado hujajitazama wewe. Anza na hivyo vilivyo shingoni, ushuke mpaka tumboni, kisha uende zako kabla mto haujajaa. Kikulacho ki nguoni mwako."