Ukufi Mmoja wa Dawa

Wewe unayemchemshia mtoto mizizi jikoni, soma hii mpaka mwisho, kisha mpe na jirani yako.

Mzee Shemdoe alikuwa mganga wa mitishamba, na dawa yake ya homa ilisifika milima yote ile. Ilikuwa mizizi michungu aliyotwangiwa na mkwewe, Mwantumu, na kuwekwa kapuni.

Kila mgonjwa alitakiwa kuja mwenyewe. Mzee alimshika mkono, akauingiza kapuni na kumwambia, "Chota ukufi mmoja, dawa ikujue."

Watu walidhani ni mambo ya mizimu. Wapi! Kilikuwa kipimo tu, maana ukufi ni ujazo wa kiganja cha mtu. Kiganja kidogo kilichota kidogo, kiganja kikubwa kilichota nyingi. Mizizi ile ikizidi ni sumu, na siri hiyo Mzee aliijua peke yake.

Siku moja muuguzi wa zahanati alimfuata nyumbani.

"Mzee, niambie kipimo chako nikiandike. Siku usipokuwepo watu watafanyaje?"

"Nikikwambia wewe, kesho nani atanibishia hodi?" Mzee akacheka. Tena akawapiga marufuku watu wa nyumbani kwake kukanyaga zahanati, eti wasije wakamtia aibu.

Basi Mzee akaenda harusini ng'ambo ya bonde. Asubuhi ya pili mjukuu wake Sempoli, mtoto wa miaka mitatu, akashikwa na homa kali.

"Mpeleke zahanati, mwenzangu," jirani alimsihi Mwantumu.

"Nitoke nyumba ya mganga niende zahanati? Baba mkwe ataniweka wapi?"

Miaka tisa alikuwa akimtazama Mzee akitibu. Akafanya kila kitu kama alivyoona. Akachota ukufi mmoja, akasema maneno yale yale, akachemsha, akambembeleza mwanawe mpaka akamaliza kikombe. Jua halijazama, mtoto akakata roho.

Mzee alirudi akakuta watu wamejaa uani.

"Ulimpa kiasi gani?"

"Ukufi mmoja, Baba. Kama wewe."

"Alichota nani?"

"Mimi. Mtoto hakuweza hata kuinua mkono."

Mzee akakitazama kiganja cha Mwantumu, kipana, kimejaa sugu za mchi. Alijua kilichomuua mjukuu wake, na alijua kwamba neno moja kutoka kinywani mwake mapema lingalimwokoa mtoto.

"Baba, kosa lilikuwa nini?" mwanawe, mume wa Mwantumu, akamuuliza mbele ya watu wote.

Hapo ndipo pa kusema. Lakini akisema, milima yote itajua kwamba uganga wake ulikuwa kipimo, na kwamba alikificha.

"Dawa haikumjua mtoto," Mzee akajibu, macho chini. "Mama yake alikosea maneno."

Aibu iliyoje! Mwantumu alirudishwa kwao wiki ile ile, na hakuna aliyemsindikiza. Mpaka leo hukaa kizingitini kwa mama yake akiyarudia maneno yale polepole, akitafuta alipokosea: "Chota ukufi mmoja, dawa ikujue."

Hakosei hata moja.

Funzo: Dawa ya miti nayo ni dawa, ina kipimo, na ikizidi inaua. Usimnyweshe mtoto kitu usichojua kiasi chake, mpeleke hospitali. Na wewe unayekijua kipimo ukakificha ili uheshimiwe, damu hiyo iko mikononi mwako.