Zamu ya Jovithe

Ipo methali moja ambayo walimu huitamka haraka haraka mbele ya wanafunzi, kwa sababu ya neno lililomo ndani yake. Wahenga hawakuwa na haya hiyo. Walitaka kutuambia kwamba anayewaficha udhaifu wake wale wanaoweza kumsaidia hana la kuvuna. Jovithe, kijana wa Carama, mtaa wa pembezoni mwa jiji, aliwahi hata kuiandikia insha na kupata alama nzuri. Lakini kuijua methali si kuifuata.

Jovithe alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari katika shule moja ya Mutanga Sud, ambako wanafunzi wa chuo kikuu hupita mbele ya lango kana kwamba wametumwa kuwatamanisha wadogo zao. Alitaka kusomea kilimo, na alikitaka kwa moyo wake wote. Chuo alichokichagua hakikuridhika na matokeo ya mtihani peke yake. Kila mwombaji aliitwa mbele ya wahojaji, akajieleza kwa Kifaransa bila karatasi mkononi.

Hapo ndipo palipomuuma. Kwenye karatasi Kifaransa chake kilinyooka kama uzi, lakini mdomoni kilimkaukia. Tangu utotoni alikuwa akikisoma na kukiandika tu. Nyumbani ni Kirundi, mtaani ni Kiswahili, na darasani mwalimu anaposema mwanafunzi hunyamaza.

Kila Jumatano alasiri, Madame Spéciose, mwalimu aliyewaandaa wanafunzi kwa maombi ya vyuo, alikaa nyuma ya meza akajifanya mhojaji mkali. Zamu ya Jovithe ilipofika, kijana aliinama kwa adabu.

"Apana, Madame, Ghanima aanze. Mi nitafuata."

Jumatano nyingine alimpisha Bonfils, na nyingine tena akampisha mwingine. Shule nzima ikamsifu. Madame Spéciose mwenyewe aliwaambia wengine waige heshima ile, asijue kwamba ilikuwa blanketi tu, na chini yake kulikuwa na hofu. Ghanima, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa huko Jabe, yeye aliboronga hadharani, akachekwa, akalia, na Jumatano iliyofuata akarudi kwenye kiti kile kile.

"We Jovithe, mbona unapisha tu watu?" alimuuliza siku moja wakitoka. "Mi walinicheka mpaka nikalia, wallahi. Lakini sasa maneno inatoka."

"Mi niko sawa. Nimeshika yote mu kichwa."

Kweli aliyashika. Siku ya mahojiano alieleza sababu za kupenda kilimo bila kukosea, kama mtu asomaye sala. Kisha mhojaji mmoja, mama mpole, akamuuliza: mvua ikizamisha mashamba ya kwenu, mnafanyaje? Maskini Jovithe! Miaka yote alikuwa akichimba mifereji na mama yake katikati ya matuta ya mchicha wa lengalenga. Jibu alilijua kuliko wote mle ndani. Lakini kwa Kifaransa halikumtoka. Aliitazama meza mpaka wakamshukuru na kumwita mwingine.

Majina yalipotoka, Ghanima alikuwamo. Jovithe hakuwamo.

Alimwendea Madame Spéciose macho yakiwa mekundu.

"Madame, haikuwa heshima. Niliogopa. Kifaransa nakiandika, lakini hakinitoki mu kinywa."

Mwalimu alimsogezea kiti. Uchungu ulimshika, kwa kuwa alikuwa amekipigia makofi kidonda alichopaswa kukitibu.

"Mutoto wangu, na mimi nikakusifu! Pole sana. Kuna nafasi zimebaki, wataita watu tena likizo ikiisha. Kaa hapo. Ile mifereji ya mama yako, niambie kwanza kwa Kiswahili."

Akaeleza kwa Kiswahili, vizuri mno. Kisha kipande kwa kipande wakayahamishia maelezo hayo katika Kifaransa, bila kuandika hata neno. Jumatano iliyofuata Jovithe aliketi wa kwanza, mbele ya wadogo wa darasa la chini. Sentensi zilimvunjikia, wakacheka mpaka wakagonga madawati. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini hakuinuka, wala Jumatano zilizofuata hakumpisha mtu.

Alipoitwa tena mbele ya wahojaji, maneno mawili matatu yalimpotea. Akaomba radhi, akaendelea. Alipofika kwenye mifereji alisahau kuogopa. Mikono ikaanza kuchora matuta hewani, na wahojaji wakasogeza viti ili wamsikie vizuri. Safari hii jina lake lilitoka. Mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wa Carama wakadhani ni arusi, na Jovithe akalia machozi ya furaha mbele ya watu wote bila kujifunika uso.

Basi wewe unayewapisha wenzako kila siku na kuiita hofu yako adabu, jiulize unamficha nani. Mficha uchi hazai.