Msifu Nyumba Hahamii

Msifu nyumba hahamii. Mmeisikia leo asubuhi, mkacheka, halafu mkaja mbio kuniuliza ni nani aliyeisema kwanza. Vijana mna hamu ya kujua mwanzo wa kila kitu isipokuwa mwanzo wa kazi. Haya, kaeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, asingoje nifike katikati. Methali hii ilianzia Korogwe, kwa mjane mmoja aliyeitwa Mwanamvua, na iliyoizaa ni hasira.

Nyumba ya Mwanamvua ilijengwa na marehemu mumewe, fundi Kibwana, kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa ya miti na udongo, imepigwa lipu na kuezekwa bati, yenye vyumba vinne, baraza pana na mlango wa mninga uliochongwa maua. Mwanamvua aliipenda nyumba ile, na asingeiuza kwa starehe. Lakini dada yake mkubwa, Mwanahawa, alikuwa akiishi peke yake Soni, huko milimani, na macho yalikuwa yakimwishia. Mwezi ule alikuwa amejimwagia chai ya moto mkononi akidhani anaimimina kikombeni.

Jirani wa Mwanahawa alikuwa na kinyumba cha kuuza, ukuta kwa ukuta na chake, ambacho kilikuwa cha chumba kimoja tu. Akasema, "Nitamngojea mdogo wako mpaka mahindi yaingie ghalani. Yakishaingia, namuuzia yeyote atakayetokea." Basi Mwanamvua alikuwa na msimu mmoja tu wa kuuza nyumba yake, kununua kile kinyumba na kwenda kumshika dada yake mkono.

Akamwita dalali Semboja. Hapo ndipo balaa lilipoingia.

Semboja hakuwa mtu mbaya, ila hakujua kupiga hodi. Alileta wateja Mwanamvua akiwa amesukwa nusu kichwa. Alileta wateja akiwa bafuni, akawapitisha uani huku mwenye nyumba akipiga kelele nyuma ya makuti. Kila asubuhi mama wa watu alifagia, akanyunyiza maji uani, akawafungia kuku, akaficha masufuria yenye masizi na kutandika kitanda ambacho yeye mwenyewe alianza kuogopa kukilalia asije akakikunja. Juu ya hayo, kwake mgeni hatoki mdomo mkavu. Kila aliyekuja kutazama alipewa chai, na chai haiendi bila kitafunio. Kwa hiyo alfajiri alikuwa anakanda unga wa maandazi kwa ajili ya watu asiowajua hata majina.

Nao walikuja! Alikuja mwalimu na mkewe. Mke akafunua kila chungu jikoni kana kwamba vyungu navyo vinauzwa, kisha akasema, "Mashaallah, nyumba ina hewa hii!" Mwalimu akasema hajapata kuona baraza tulivu namna ile. Wakala maandazi sita, wakaaga, "Tutarudi, mama." Walikuja wanawake wanne waliokuwa njiani kwenda harusini, saa ya harusi haijafika, wakaona bora wapoteze muda kwa kutazama nyumba. Nao wakasifu. Alikuja bwana mmoja mwenye kofia ya kitani, akausifu mlango mpaka Mwanamvua akatokwa na machozi. Akarudi na kaka yake, wakausifu wote wawili. Mara ya tatu akaja na kamba, akaupima mlango juu, chini na upana.

"Huyu keshanunua," Semboja akanong'ona. "Anapima pazia."

Kumbe bwana yule alikuwa na nyumba yake, anaijenga, na alikuwa akimpelekea seremala wake vipimo. Mwanamvua alipopata habari alikaa chini jikoni, akaupiga mwiko sakafuni mpaka ukavunjika.

Lakini sikilizeni jambo hili, maana ndilo lenye hadithi. Pamoja na uchovu wote ule, sifa zilimwingia. Mtu akisema "baraza zuri", Mwanamvua alimsikia Kibwana akisifiwa. Wateja wakiondoka mikono mitupu alikasirika hadi jioni, ila asubuhi alikanda tena unga, akijiambia kwamba waliosifu vile hawawezi kukosa kurudi. Wiki zikapita. Mashambani mahindi yakatoa mbelewele, yakakomaa, yakaanza kukauka.

Siku moja Semboja akaleta mtu aliyeitwa Bwana Hiza, mrefu, mkavu, mwenye viatu vyenye vumbi. Alisema, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, na huo ukawa mwisho wa maneno matamu. Chai hakuigusa. Alitoa msumari mfukoni, akauchomeka kwenye nguzo ya baraza. Msumari ukazama.

"Mchwa," akasema.

Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena. Akapanda juu ya stuli akachungulia darini. "Boriti ya kati ni fupi. Imeungwa." Akaenda uani, akachota maji kwa kata mtungini, akayamwaga karibu na kizingiti, akachuchumaa kutazama yanakokimbilia. Maji yakarudi ndani.

"Masika unalala wapi, mama?" akauliza.

Majirani walikuwa wameshasogea uani kwake. Mzee Sekiteke wa ng'ambo ya njia, ambaye nyumba yake ilikuwa imeegemea gogo isianguke, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza akisikiliza kila neno. Mwanamvua akahisi masikio yanawaka moto.

"Nalala ndani," akajibu. "Mnalala wapi nyinyi kwenu?"

"Naona ufa hapa pia," Bwana Hiza aliendelea, kidole chake kikiufuata ukutani. "Na choo kimechimbwa upande wa juu. Aliyejenga hapa alikuwa na haraka."

Nawaambia, hata Semboja alifumba macho.

"Haraka?" Mwanamvua alisimama. "Mume wangu alijenga nyumba hii miaka mitatu! Boriti hiyo aliibeba begani kutoka msituni, na usiku ule hakuweza kuinua mkono kula! Umeitwa kununua nyumba au kumtukana maiti?"

"Mama, nilikuwa nauliza tu. Bado sijaona upande wa nyuma."

"Kauone wa kwenu! Watu wenye nyumba zao wamekaa hapa, wamesifu, wamekunywa chai. Wewe mwenye viatu vya vumbi ndiye wa kuniambia choo kiko wapi? Toka!"

"Bi mkubwa, mpole kidogo..." Semboja alijaribu.

"Na wewe toka naye!"

Wakatoka. Wanawake wa mtaani wakampigia vigelegele, na Mwanamvua akalala usingizi mzuri ambao hakuupata tangu aanze kuuza. Siku mbili nzima alikuwa akisimulia kisa kile, akimwigiza Bwana Hiza anavyogonga ukuta na kutega sikio, na watu wakishika mbavu.

Siku ya tatu asubuhi alisikia nyundo. Akatoka barazani na ufagio mkononi. Juu ya paa la Mzee Sekiteke, juu ya ile nyumba ya gogo, alikuwa Bwana Hiza akigongomea bati jipya. Chini, mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa akipanga vyungu ukutani, na godoro lilikuwa limeanikwa juani. Walikuwa wamehamia.

Mwanamvua alivuka njia bila kuvaa viatu.

"Bwana Hiza! Nyumba hii ukipiga chafya inaanguka. Hukuuona ubovu wake?"

"Niliuona," Bwana Hiza akajibu kutoka juu, akitoa misumari mdomoni. "Nilihesabu kasoro kumi na saba. Mzee alinifuata nyuma, akaniongezea mbili nilizozipita."

"Na yangu?"

"Yako nilifika tano."

"Tano!" Mwanamvua alipiga kelele. "Ukaacha yenye tano ukachukua yenye kumi na tisa! Una akili wewe?"

Bwana Hiza akashuka ngazi polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mwanamvua.

"Mama, mke wangu anakaribia kujifungua, na masika hayako mbali. Nyumba nisiyoitaka nikahesabu nyufa zake za nini? Nilikuwa naangalia mwanangu atalazwa kona ipi pasipo kuvuja. Yako niliipenda tangu barazani. Nguzo ningeibadilisha, maji ningeyachimbia mtaro. Nilibakisha kuona upande wa nyuma tu, nikae, niguse chai yako, nitaje bei. Ukanifukuza, na mzee akaniwahi njiani, akasema naye anauza."

"Si ungesema unaipenda!"

"Wangapi walikwambia wanaipenda?"

Mwanamvua aliwaona wote mbele ya macho yake, mwalimu, mke wa mwalimu, wale wa harusini na bwana wa kofia, wakila na kusifu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumuuliza masika analala wapi.

"Basi turudishe," akasema, sauti imemshuka. "Mrudishie mzee yake, uje uchukue yangu. Nitapunguza."

"Tumekwisha kuandikishana mbele ya mashahidi, mama. Na mzee amesafiri jana kwa mwanawe. Nimwambie nini?"

Mwanamvua akarudi kwake. Aliingia chumba cha kati, akainua macho kwenye boriti, na kwa mara ya kwanza tangu Kibwana afariki akajiruhusu kuona kwamba kweli imeungwa. Kibwana mwenyewe alikuwa akilisema hilo kila masika: "Mke wangu, boriti hii nitaibadilisha." Aliyeipenda hasa nyumba hiyo alikuwa akizijua kasoro zake zote. Akalia, si kwa hasira tena.

Mahindi yakaingia ghalani. Mtu wa kutoka Soni akaleta salamu: kinyumba kimechukuliwa na muuza mbao, na Mwanahawa ameanguka kisimani, hakuumia sana, ila sasa hathubutu kutoka nje mpaka mtu apite amshike mkono. Siku nyingine hapiti mtu.

Wiki iliyofuata, huku Mwanamvua akifunga mzigo kwenda kumchukua dada yake waje kuishi Korogwe, mbali na makaburi ya wazee wao na kila njia ambayo miguu ya Mwanahawa iliijua bila macho, hodi ikapigwa. Alikuwa mwalimu. Alikuwa na mkewe, na safari hii na mashemeji wawili.

"Mama, tumewaleta nao waone!" mwalimu akasema kwa furaha, akikanyaga ndani. "Tazameni baraza hilo! Tazameni mlango! Mashaallah, mashaallah! Sijapata kuona nyumba kama hii!"

Mwanamvua alibaki na kamba ya mzigo mkononi. Akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kati yao mwenye msumari mfukoni. Kisha akashika ubao wa ule mlango wa mninga na kuanza kuufunga taratibu, nao wakirudi nyuma hatua kwa hatua hadi barazani.

"Nendeni salama, wanangu," akawaambia. "Msifu nyumba hahamii."